Kivuli kwenye picha ya fungate

Bibi aliishika simu yangu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Kwenye picha tuko mimi na mume wangu, tumesimama ukingoni mwa ziwa huko Marsabit, msitu nyuma yetu, mtandio wangu unapepea. Chini nilikuwa nimeandika maneno ya mbwembwe: sisi wawili tu, mwisho wa dunia. Bibi hana habari na maneno ya kwenye simu. Aliuliza, "Na huyu mwenye kivuli ni nani?"

Nilikuwa sijakiona. Kwenye nyasi, mbele ya viatu vyetu, kuna kivuli kirefu cha mtu aliyeinua mikono. Ni kijana wa Kiborana aliyetuongoza siku nzima, na ndiye aliyetupiga hiyo picha. Sisi wawili tu, ati.

Maneno yale wala hayakuwa yangu. Nilikuwa nimeyabeba, bila kujijua, kutoka kwa Osa Johnson.

Kama humjui: Osa na mumewe Martin walikuwa Wamarekani kutoka Kansas, wapiga picha za sinema. Walishuka Mombasa kwa meli, wakapanda treni kwenda Nairobi, na kuanzia 1924 hadi 1927 wakaweka makao juu ya mlima Marsabit, kando ya ziwa lililo ndani ya shimo la volkano ya zamani. Fedha walisaidiwa na George Eastman, yule wa Kodak, na Jumba la Makumbusho la Historia Asilia la New York likawaunga mkono. Osa aliandika vitabu viwili vinavyosimulia maisha hayo: I Married Adventure wa 1940, kile chenye jalada la mistari ya punda milia, kilichouzwa Marekani kama njugu, na Four Years in Paradise wa 1941. Mimi niliviokota kwa muuza vitabu vya mitumba, wiki chache kabla ya harusi. Ndivyo vilivyotupeleka Marsabit. Wenzetu wa Mji wa Kale wakioana huenda Lamu, wenye nazo huenda Dubai. Sisi tukapanda treni, halafu basi hadi Isiolo, halafu lami ndefu ya kaskazini, kwenda kuangalia ziwa. Bibi alituambia kabla hatujaondoka, "Mwaenda nti za watu kuangalia ziwa, na bahari mnayo hapa?"

Sasa niseme haki kabla ya kulaumu. Osa anasomeka. Martin akiandika, unasikia mtu anayeuza filamu: simba mkubwa, hatari kubwa, picha kubwa. Osa ana jicho la nyumba. Anataka kujua kuni zitatoka wapi, maabara ya picha itajengwaje, mboga zitaota au ndovu watazila usiku. Alilima bustani pale juu. Aliwinda, alivua samaki, alipika. Kurasa za bustani ndizo bora kuliko zote, manake hapo tu ndipo mlima unaacha kuwa pazia la sinema na kuwa mahali ambapo mtu anachafua mikono. Mwanamke wa miaka ile kuandika kwamba yeye ndiye aliyeshika bunduki wakati mume ameshika kamera si jambo dogo. Nilimpenda. Bado nampenda kidogo.

Tatizo liko kwenye jina. Ziwa lile wao waliliita Paradiso, na mpaka leo ramani na vibao vya hifadhi vinaliita hivyo. Lakini wenyeji wana jina lao, Gof Sokorte Guda, na gof ni lile shimo la volkano lenyewe. Jina la wenyeji linakwambia umbo la ardhi. Jina la akina Johnson linakwambia walivyojisikia siku ile. Ukisoma kitabu kizima ukijua jambo hilo moja, utaona hisia zinavyoendelea kula ardhi ukurasa baada ya ukurasa. Paradiso, kama tunavyoijua kwenye visa, ina watu wawili. Kwa hiyo wengine wote lazima wawe kitu kingine: wapagazi, wapishi, sauti za usiku, kichekesho cha jioni.

Mchukue Boculy. Huyu ndiye mfuata nyayo wao. Wanamsifu mno, wanasema anawajua ndovu kuliko mtu yeyote aliye hai. Bila yeye hakuna filamu, hakuna kitabu, na pengine hakuna Martin. Lakini jaribu kumtafuta Boculy mwenyewe ndani ya sifa hizo. Nilifunga kitabu ningali sijui akirudi kwake usiku anakula nini, anamcheka nani, anawaonaje hawa wawili wanaolala mchana ili wawapige ndovu picha usiku. Anasifiwa jinsi mtu anavyosifu darubini nzuri. Lugha hiyo ya sifa ndiyo inayonichosha zaidi kuliko matusi ya wazi (na kwenye filamu zao matusi yapo, wala huhitaji kuyatafuta). Tusi unaweza kulijibu. Sifa kama ile inakutoa kwenye picha huku ikikushukuru.

Hapo ndipo Bibi aliponikamata. Mimi, mtoto wa Mombasa, mkaaji wa nyuma ya Ndia Kuu, niliyekua nikiwaona watalii wakipiga picha mlango wa nyumba yetu kana kwamba ndani hamna mtu anayeosha vyombo, nilifika mlima wa watu nikaandika maneno yale yale. Na sikuwa na kisingizio cha kutoka Kansas.

Au nilikuwa nacho? Sisi hapa kisiwani tunasema "bara" kama mtu anavyosema ng'ambo. Ukivuka daraja la Makupa umeshaingia kwa wengine. Kwangu milima ilikuwa kitu cha vitabu vya jiografia na noti za benki. Siku ya kwanza Marsabit, mama aliyetuuzia chai aliniuliza, "Mmetoka Kenya lini?" Nilidhani nimesikia vibaya. Mume wangu akacheka mpaka chai ikammwagikia. Kumbe huko kaskazini wengi husema hivyo: mtu akienda Nairobi, ameenda Kenya. Nikawaza ile kaulimbiu ya kwetu, Pwani si Kenya, iliyoandikwa sana ukutani miaka iliyopita. Watu wa pande mbili zilizo mbali kiasi hiki, na kila mmoja anasema Kenya iko kwingine. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kuandika chini ya picha. Sikuliandika. Niliandika la Osa.

Niliporudi nilitafuta msafiri mwingine wa kumweka kando yake, nikampata Selim bin Abakari. Alikuwa Mngazija, mtumishi wa Mjerumani mmoja, daktari Bumiller, na mwishoni mwa karne ya 19 alifuatana na bwana wake kupitia Urusi hadi Siberia, mpaka upande wa milima ya Altai. Habari zake, kwa Kiswahili, zilichapwa Ujerumani 1901 ndani ya mkusanyiko wa Carl Velten unaoitwa Safari za Wasuaheli. Hebu fikiria hali hiyo vizuri: mtu wa pwani yetu, kwenye theluji, anaandika. Nchi mpya kuliko hiyo sijui ni ipi.

Selim hana paradiso. Anaeleza alivyopita, watu wanaishije, wanakula nini, baridi ikoje. Sentensi zake ni fupi na kavu, nyingine zinachosha, sitakudanganya. Wala si malaika, naye anawapima wenyeji kwa kipimo cha kwao. Ila kwake nchi ina watu kutoka mwanzo hadi mwisho, na sababu, nadhani, ni kazi yake. Mtumishi hawezi kusahau kwamba mzigo una mbebaji. Kwa maneno mengine, Selim ni Boculy aliyepewa karatasi. Tangu nimsome, kila nikimfungua Osa nasikia kitabu cha pili kikiandikwa nyuma ya mahema, na wino wake haukutufikia.

Kuna jambo moja lakini linalonizuia kumtupa Osa. Kwenye usomaji wa kwanza liliniudhi kwamba yeye na Martin hawagombani. Miaka minne juu ya mlima, mvua, magonjwa, simba, na hakuna siku hata moja ya kununiana kwelikweli! Mimi na mume wangu tulinuniana Isiolo, siku ya tatu, kwa sababu ya nauli. Alikuwa amelipa bei ya mgeni bila kuuliza, nami nikamwambia neno ambalo hadi leo ningependa kulirudisha. Kilomita zaidi ya mia mbili hatukusemezana. Nilikuwa na kitabu mapajani na nilijiona tumefeli, tumeshindwa hata kuwa wawili.

Baadaye ndipo niliposhughulika na tarehe. Martin alikufa Januari 1937, baada ya ndege ya abiria aliyopanda kuanguka California. Osa mwenyewe aliumia kwenye ajali hiyo. Vitabu vyote viwili vilitoka baada ya hapo. Hiyo paradiso, basi, imeandikwa na mjane. Ndiyo maana hakuna ugomvi, na ndiyo maana hakuna mtu mwingine ziwani: hataki mtu yeyote asimame kati yake na yule anayemkumbuka. Nikisoma hivyo, kurasa zile za bustani zinauma. Huzuni yake ni ya kweli. Lakini naona pia kwamba ili amrudishe Martin wake, ilibidi amfute Boculy, na sijui kama Boculy alikuwa na mke aliyebaki akimkumbuka kwa lugha yake.

Picha nimeiacha, maneno nimeyafuta. Nimeandika jina la ziwa la wenyeji, na jina la kijana yule baada ya kumuuliza kama anakubali. Alinijibu kwa kicheko cha maandishi, akauliza mbona tumekata kichwa cha kivuli chake.

Osa kwa sasa yuko kwa mume wangu. Amefika kwenye bustani, na jana usiku aliniuliza kama mahali popote mle wametaja bamia.