Dawa ya Mpito Iliyokaa Miaka Mitano

Aliyeugua malaria Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, miaka ile hahitaji kuelezwa habari ya SP, yaani sulfadoksini na pirimethamini. Vidonge vitatu kwa mpigo, nesi anakutazama ukimeza, kisha unarudi nyumbani na homa yako na Panadol za kuitulizia. Niseme mapema: uamuzi wa Tanzania wa Agosti 2001 wa kuitoa klorokwini na kuiweka SP peke yake ulikuwa mbovu, na ubovu wake ulijulikana kabla boksi la kwanza halijafunguliwa.

Klorokwini siitetei. Ilikuwa imekwisha nguvu, na wengi wetu ilituwasha mwili mzima. Shida ni dawa iliyoingia badala yake. Thailand SP ilishashindwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aprili 2001, miezi minne tu kabla ya uamuzi wetu, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri nchi zenye usugu zihamie dawa mseto zenye artemisinini. Sisi tukachukua SP, tukaiita ya mpito.

Tuingie kwenye ufundi. SP ina dawa mbili, ila zote zinabana njia ileile ya folati, kwa hiyo kuiita mseto ni kujidanganya. Halafu inakaa kwenye damu kwa wiki kadhaa. Mwanzo inaua vizuri. Baadaye kiwango kinashuka, na mbu akikuuma tena, vimelea vipya vinakuta dawa hafifu inayoua vilegevu na kubakiza sugu. Mwenyeji wa mabonde ya Malagarasi anaumwa na mbu kila usiku. Huko ni kuvipigisha vimelea kwata bure, kwa gharama ya serikali. Artemisinini haina mchezo huo: inafyeka vimelea vingi kwa siku chache na kutoka haraka, na dawa mwenza inamalizia masalia.

Hoja ya bei naijua, maana kila nikiandika haya naletewa. Dozi ya ALu, mseto wa artemeta na lumefantrini, kwa mtu mzima ilizidi dola 2, SP ilikuwa senti, na Mfuko wa Dunia wa kugharamia dawa hizo ulianza 2002 tu. Sawa. Basi tueleze Zanzibar waliwezaje kuanza kutoa artesuneti na amodiakwini mwishoni mwa 2003. Burundi, iliyokuwa vitani na imetoka kwenye mlipuko mkubwa wa malaria wa 2000 na 2001, nayo ilihamia mchanganyiko huohuo mwaka 2003. Yaani ng'ambo ya mpaka pale Mabamba mwongozo ulisema mseto, na upande wetu, wenye amani na bajeti, ulisema SP. ALu ilitufikia mwisho wa 2006.

Wazee wa Kichina, ambao kwao artemisinini ilitoka, wasingefanya hivyo. Ge Hong, karne ya 4, aliandika jinsi ya kutibu homa za vipindi: konzi la qinghao (mmea wa artemisia), liloweke majini, likamue, unywe. Kuchemsha hakukutaja. Mtafiti Tu Youyou aliliona hilo mwaka 1971, akaacha moto, akatumia etha inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na Oktoba sampuli namba 191 ikasafisha damu ya panya wote. Kabla ya kuwapa wagonjwa wa Hainan mwaka 1972, aliimeza yeye kwanza. (Wanaouza majani ya artemisia kwa kisadolini sokoni na kumtaja yeye waache: artemisinini haipendi maji, na kikombe hakina kipimo.) Zhou Yiqing na wenzake wa jeshi la China waliioanisha artemeta na lumefantrini; kazi safi.

Li Shizhen, tabibu mwingine wa Kichina, alipekua na kusahihisha vitabu vya dawa kwa miaka 27, na kazi yake ikachapishwa 1596 akiwa ameshafariki. Mtu wa namna hiyo angeiuliza kamati yetu iliyochagua SP swali moja tu: Thailand mlisoma?

Kinachoniuma zaidi ni wajawazito. SP ndiyo kinga yao kliniki tangu miaka hiyohiyo, na ilistahili kutunzwa kwa ajili yao. Tuliigawa kwa kila mwenye homa kwa miaka mitano, na leo mama wa Heru Juu au Kifura bado anapewa vidonge vilevile vitatu, dhidi ya vimelea tulivyovifundisha sisi wenyewe.