Utomvu Ukinata Bado

Banissa, magharibi mwa Kaunti ya Mandera, sidhani kama kuna duka la mikeka ya yoga. Lakini utomvu wa miti ya nyika hii huuzwa nje kwa watengenezaji wa manukato na mafuta, na moshi wa ubani, aina moja ya utomvu huo, hukaribisha watu katika baadhi ya kumbi za yoga duniani.

Mvunaji mara nyingi ni mama anayechunga mbuzi. Wakati wa jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka, wadudu hutoboa gome na utomvu ukachuruzika. Ukiwa mbichi unanata vidoleni, ukiokotwa hubeba magamba na vumbi. Basi anautazama, anapita. Mbuzi wakirudi upande ule siku nyingine, umeshakuwa tonge gumu la kubanduliwa kwa mkono. Panga halikuguswa. Asiyeujua ufundi huu ataapa hakuna kilichofanyika.

Nyumbani huuchambua kwa aina: hagar huku, malmal, yaani manemane, kule, ubani peke yake. Hagar hukorogwa kwa maji, mifugo ikaoshwa kwayo, kupe wafe. Ubani huwekwa juu ya kaa katika dabqaad, ndicho chetezo chetu, nyumba ikanukia. Hakuna kiingilio.

Simlaumu anayeuza utomvu huu. Sisi wenyewe mtu akifiwa tunampelekea ubani, na ubani huo ni noti ndani ya bahasha! Mama wa hagar anataka bei nzuri, na anaistahili.

Yoga nayo sidhani iliharibiwa na bei. Katika Yoga Sutra za Patanjali, mikao ya mwili ni hatua ya 3 kati ya 8. Ya kwanza inamtaka mtu asiibe wala asijilimbikizie mali. Lululemon, kampuni iliyoanzishwa Vancouver mwaka 1998, ilitajirika kwa suruali za hatua ya tatu. Mazoezi yenyewe siyabezi, migongo mingi imepata nafuu. Ila darasa la dakika 60 huuza utulivu uliokwisha kukauka, ukabanduliwa, ukatiwa kichupani. Kule kungoja kulikoufanya uwe utulivu hakuuzwi, kwa sababu hakufungiki.

Chini ya mti, mama anabonyeza tone kwa kidole. Linanata bado. Anawapigia mbuzi mbinja, wanaendelea.