Windows inajaribiwa mu shamba la nani?

Ndugu zangu wenye licence, na ninyi mungali mu auditwari, leo sisemi juu ya mihogo wala juu ya mbolea. Nasema juu ya kitu ambacho karibu sisi wote tunakifungua kila siku: Windows. Zaidi ya yote nasema juu ya zile versioni za majaribio ambazo Microsoft inazitoa mbele ya versioni ya kweli, ili watu wazionje. Mule njo munaonekana kwanza mambo mapya ya ekrani: menyu ya Démarrer iliyopangwa upya, mstari wa chini uliobadilishwa, dosie zinazofunguka mu ongle sawa vile kurasa za Chrome.

Mwingine atasema hayo ni mambo ya watu wa Marekani wenye mashini mpya. Mimi naona hapana. Kile kinachokubaliwa mu majaribio leo, tutakikuta kesho mu mashini za okazi tunazonunua, mu sekretaria tunapochapisha TFC, na mu biro tunapoomba kazi. Kwa hiyo nauliza swali lile ambalo kila agronome anauliza mbele ya kusifu mbegu mpya: ilijaribiwa wapi, na mu shamba la nani?

Majaribio yanaendaje

Tangu 2014, wakati Windows 10 ilikuwa inatayarishwa, Microsoft iko na programu inayoitwa Windows Insider. Unajiandikisha, unachagua njia. Kuko njia za mambo mabichi kabisa, kuko Beta kwa yaliyokomaa kidogo, na Release Preview kwa yale yaliyo karibu kutoka. Mashini yako inapokea versioni mpya, inatuma habari za namna unavyoitumia, na kama kitu kinakusumbua unakiandika mu Feedback Hub. Wengine wanapiga kura juu ya lalamiko lako. Lenye kura nyingi linapanda juu, lenye kura kidogo linabaki chini kule.

Hata wajaribu wenyewe hawaoni kitu kimoja. Jambo jipya linapewa kwanza sehemu moja ya watu, kisha linaenezwa polepole. Watu wawili wenye versioni ileile wanaweza kukuta menyu mbili tofauti. Kwetu sisi wa majaribio ya shamba, hii si ajabu wala si mbaya: ni sawa na kuwa na parseli ya mbegu mpya na parseli ya kulinganisha. Kwa hiyo siko hapa kusema kwamba hawa watu hawajui kazi. Wanaijua. Swali langu ni juu ya udongo walipopandia.

Mu Kivu tunajua habari ya maharage ya kupanda. Mu kituo cha utafiti, kama kule INERA Mulungu, yanazaa kupita maharage mafupi, na ni kweli. Lakini yanaomba miti ya kuyasimamisha. Mama wa kijijini ambaye mlima wake ulikwisha kukatwa miti yote ataangalia mavuno yako mazuri, kisha atauliza: vijiti nitavitoa wapi? Mbegu haikukosea. Shida ni kwamba jaribio lilifanywa mahali vijiti havikosekani. Mutunze huu mfano, juu nitarudi kwake.

Kuhesabu si kupima

Tuanze na Windows 8, juu njo somo kubwa kupita yote. Septemba 2011 Microsoft ilitoa versioni ya kwanza ya majaribio kwa watengenezaji wa programu. Menyu ya Démarrer tuliyoizoea tangu Windows 95 ilikuwa imeondoka, mahali pake pamekuja ekrani nzima ya vibao vya rangi. Februari 2012, mu versioni ya pili ya majaribio, hata kitufe chenyewe mu kona ya kushoto kiliondoka. Watu walisema, waliandika, walilalamika. Oktoba 2012 Windows 8 ikatoka bila kitufe. Mwaka mmoja nyuma, Oktoba 2013, Windows 8.1 ikakirudisha. Menyu yenyewe ikarudi na Windows 10 mu Julai 2015.

Juu ya nini waliiondoa? Hawakuotea. Walikuwa na hesabu: habari zilizotumwa na mashini za watu zilionyesha kwamba menyu ya Démarrer ilikuwa inafunguliwa kidogo kuliko zamani, juu watu walikuwa wameanza kubandika programu zao mu mstari wa chini. Hesabu ilikuwa ya kweli. Makosa yalikuwa mu kuisoma. Mkulima anafungua gudulia la mbegu mara moja au mbili kwa mwaka. Ukihesabu mara anazolifungua, utasema halina kazi, tulitupe. Ngoja msimu wa kupanda ufike njo utaelewa.

Mambo yaleyale yakarudi na Windows 11. Wajaribu waliiona kwa mara ya kwanza mwisho wa Juni 2021, na Oktoba 5, 2021 ikatoka. Ni kama miezi mitatu tu. Sisi hata msimu mmoja wa mihogo hautoshi kwa miezi mitatu. Mstari wa chini ulikuwa umeandikwa upya, na mambo mengi yakapotea: huwezi kuupeleka juu wala pembeni, huwezi kuvuta fishie na kuiangusha juu ya alama ya programu, huwezi kuomba kila dirisha lionekane peke yake na jina lake. Wajaribu walisema mapema. Versioni ikatoka vilevile. Kuvuta fishie kukarudi 2022, madirisha yenye majina yakarudi 2023. Na juu ya kuusogeza mstari, watu wa Microsoft walieleza mu 2022 kwamba wanaoutaka ni wachache wakilinganishwa na wanaoomba mambo mengine. Tena hesabu.

Na kura nazo? Oktoba 2018 kulitoka toleo la Windows 10 linaloitwa 1809. Kwa watu fulani likafuta fishie zao, zile za mu Documents na penginepo. Microsoft ikalisimamisha haraka. Kumbe mu wajaribu kulikuwa wale walioandika shida ile mbele, lakini lalamiko lao halikupata kura za kutosha, likabaki chini ya mengine. Nyuma yake Feedback Hub ikaongezwa mahali pa kusema shida ni nzito kiasi gani. Hii si jambo la ekrani, najua, lakini inaonyesha ndani ya majaribio munaendaje: shida ya wachache, hata ikiwa nzito ya kuua, inashindwa na shida nyepesi ya wengi.

Yale yaliyofaulu

Bon, tuwe wa haki. Kuko mambo ambayo majaribio yalifanya vizuri. Kati ya 2017 na 2018 walijaribu kitu kinachoitwa Sets: programu mbalimbali kuwa ongle mu dirisha moja, Word karibu na navigateri karibu na dosie. Wajaribu walikitumia, kikaondolewa, hakikutoka hata siku moja. Nyuma, mu 2022, wazo dogo zaidi likajaribiwa: ongle mu dosie peke yake. Hilo likakubaliwa, likatoka mwaka uleule. Kwa mtu anayetafuta fishie ya takwimu mu dosie tano kwa wakati mmoja, ni jambo jema kweli. Hivi njo uchaguzi wa mbegu unavyopaswa kuwa: unakata ile isiyofaa, unabakiza ile inayozaa.

Na menyu ya Démarrer ambayo wajaribu walianza kuiona mwaka 2025, ile yenye programu zote mu ukurasa mmoja wa kushuka nao, tena unaweza kuficha ile sehemu ya mapendekezo, mimi naona ni nzuri kupita ile ya 2021. Lakini angalia: karibu yote tunayoisifia ni kurudisha uhuru uliokuwapo zamani.

Kisha kuko Recall, ile inayopiga picha ya ekrani yako kila mara ili baadaye uweze kutafuta ulichokiona. Ilitangazwa Mei 2024, ilikuwa itoke mwezi wa Juni mu mashini mpya bila kupita kwanza mu Insider. Wataalamu wa usalama wa nje wakapiga kelele, njo Microsoft ikairudisha mu majaribio. Wajaribu waliipata mwisho wa mwaka ule, na watu wote mu 2025, ikiwa sasa ya kuwashwa na mwenye mashini mwenyewe. Yaani kitu kizito kupita vyote kilikuwa kinataka kuruka shamba la majaribio. Ni sawa na mtu kukuletea dawa ya wadudu moja kwa moja sokoni. Na sisi, kuko mashini ngapi kwetu zinazotumiwa na mtu mmoja tu? Mu sekretaria, wanafunzi ishirini wanafungua barua zao mu mashini moja kwa siku. Mashini zetu za leo hazina nguvu ya Recall. Lakini okazi za miaka inayokuja zitakuwa nayo.

Vijiti tutavitoa wapi?

Sasa narudi kwa maharage. Kuingia mu majaribio ya Windows 11, mashini inapaswa kutimiza masharti yaleyale ya Windows 11 yenyewe: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa upande wa Intel inaanza kizazi cha 8. Inapaswa kukubali kutuma habari zaidi za matumizi. Inapaswa kupakua magigabaiti kadhaa kila versioni mpya inapokuja. Na ukichoka na njia za mambo mabichi, mara nyingi kutoka kunaomba kupanga mashini yote upya.

Weka hayo karibu na maisha yetu. Mega tunanunua kwa kupima, umeme unakatika katikati ya kupakua, mashini ni moja na ndani yake muna TFC. Mwanafunzi gani wa hapa atakuwa mjaribu? Mtu ataniambia: mlango uko wazi, kila mtu anaweza kuingia bila kulipa. Ndiyo, sawa vile mama yule yuko huru kupanda maharage ya kupanda. Mlango uko wazi, vijiti havipo.

Matokeo yake si kwamba Windows ni mbaya. Ni kwamba hesabu inayoamua nini kibaki na nini kiondoke inatoka zaidi kwa watu wenye mashini mpya, koneksyo isiyokatika, mtu mmoja kwa mashini moja. Yule dada wa sekretaria anayejua njia kwa mkono, anayelipwa kwa ukurasa, hayumo mu ile hesabu. Kitufe kikihama, yeye anapoteza asubuhi nzima, na foleni ya wanafunzi inangoja. Msaada wa Windows 10 ulikwisha Oktoba 14, 2025, kwa hiyo atasukumwa mbele, apende asipende, au atabaki na mashini inayoweza kukosa masahihisho ya usalama.

Mu agronomia tulijifunza dawa ya ugonjwa huu. Nyuma ya kituo, unapeleka mbegu mu mashamba ya wakulima wenyewe, mu udongo mbaya, bila mbolea, na unawaacha wao wachague. Mara nyingi wanachagua tofauti na mtafiti, na wako na sababu. Ningependa Microsoft ifanye vilevile: itoe majaribio mepesi ya ekrani peke yake, yanayoweza kuwekwa bila koneksyo, mu mashini dhaifu. Na kila jambo la zamani linaloondolewa liachiwe kwanza mahali pa kulirudisha mu mipangilio.

Tukingoja hayo, sisi wenyewe tuko na la kufanya. Moja: usiweke versioni ya majaribio mu mashini yenye TFC yako, hata kama rafiki anasifu namna gani. Mbili: Feedback Hub iko hata mu Windows ya kawaida. Kitu kikikusumbua, andika mashini yako ni ya namna gani na kazi gani ilisimama, kisha watu kumi wa promosyo yako wapige kura. Tatu: kama unataka kuonja ekrani nyingine, versioni za majaribio za Ubuntu zinaweza kufunguliwa kutoka flashi bila kugusa diski. Mmoja anapakua, wengine wanakopi.

Mbegu inayosifiwa mu kituo peke yake, sisi hatuiandiki kuwa imefaulu. Tunaandika: ingali mu majaribio. Kwa ekrani ya Windows, mimi naandika vilevile, mpaka siku watakapokuja kuipanda hata mu udongo wetu.