Faili Limepita, Data Zimepotea

Leo nataka tukosoe aina ya maandishi ambayo wengi wetu huyasoma saa sita usiku, siku moja kabla ya kutuma makala: ule ukurasa wa jarida wenye mwongozo wa picha kwa waandishi. Unaujua. TIFF au EPS. Nukta 300 kwa inchi. Upana wa safu moja, milimita 85 hivi. Rangi: CMYK. Unabadilisha, unapakia, mfumo unakuwekea tiki kwamba picha zimekubaliwa, unaenda kulala.

Na mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilikuwa na picha za hadubini za seli zilizotiwa alama kwa protini inayong'aa kijani, na hoja nzima ya makala ilikuwa kwamba kundi moja la seli linang'aa kuliko jingine. Prufu iliporudi, makundi yote mawili yalikuwa na kijani kimoja, kimepauka kama shati la shule la mwaka wa tatu. Faili lilitimiza kila sharti. Hoja yangu ndiyo haikuwepo.

Ili uone kilichotokea, anza na skrini yako. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe: nyekundu, kijani na buluu, ndiyo hiyo RGB. Karatasi haina mwanga wake, na kazi ya wino ni kumeza ule unaoiangukia. Sayani humeza nyekundu, majenta humeza kijani, njano humeza buluu. Nyeusi huongezwa kwa sababu hizo tatu zikichanganywa hutoa kahawia chafu badala ya weusi wa kweli. Ukitaka kijani inabidi uchanganye sayani na njano, na wino wa sayani si safi: humeza pia sehemu ya kijani ambayo ungependa ibaki. Kwa hiyo kile kijani kikali cha skrini, mashine ya kuchapa ya wino nne haina uwezo wa kukitoa. Si kwamba imekosea, haikiwezi.

Sasa, programu ikikutana na rangi isiyochapika inafanya nini? Njia moja inayotumika sana huziacha rangi zinazochapika kama zilivyo, na zile zilizo nje huzisogeza hadi mpakani. Tuseme ukweli, hapo ndipo data hufa. Vijani vitano vilivyokuwa vinapanda kama ngazi vinaweza kurundikwa kwenye ngazi moja. Ipo njia nyingine, ya kuzibana rangi zote kwa pamoja ili mfuatano wake ubaki, ingawa picha nzima hupauka kidogo. Kwa picha za harusi hilo ni suala la ladha. Kwa picha ambayo ukali wa rangi ndio kipimo, ni suala la matokeo. Na katika miongozo niliyopitia mimi, sikukuta sentensi hata moja inayomwambia mwanafunzi achague ipi, wala kwamba kuna kuchagua.

Badala yake tunapewa nukta kwa inchi, aya baada ya aya. Hesabu yake ni ndogo tu: milimita 85 kwa nukta 300 ni pikseli kama 1,000 kwa upana. Ukichukua picha ya pikseli 400 ukaiamuru programu iseme 300, hujaongeza chochote, umeinyoosha tu. Lakini tiki itatokea.

Kuna majarida yameona bora kuachana na CMYK. PLOS, kwa mfano, wanataka RGB, na wana haki, maana wasomaji wao wako mtandaoni. Ila usidhani umepona. Makala yako ikishashushwa, mtu ataipeleka steshenari, na kwa kuwa ukurasa wa rangi ni ghali, atasema "weka nyeusi na nyeupe tu". Hapo ndipo utajua kama picha yako ina maana au ina urembo.

Mfano mbaya kuliko yote ni jet, ule upinde wa mvua unaotoka buluu hadi nyekundu. Jina lake linahusishwa na picha za kompyuta za mkondo wa gesi angani, na kwa miaka mingi ndiyo rangi MATLAB iliyokuwa inakupa bila kuomba, hadi 2014 ilipoiacha. Mwaka 2017 Matplotlib nayo ikahamia viridis. Ubaya wa jet ni kwamba ung'avu wake hupanda kuelekea katikati kisha hushuka tena. Ikichapwa bila rangi, buluu ya thamani ndogo kabisa na nyekundu ya thamani kubwa kabisa zote huwa kijivu cha giza. Yaani ramani ya mvua inakuonyesha jangwa na mafuriko kwa rangi moja! Viridis hupanda kutoka giza hadi mwanga bila kurudi nyuma. Hata yenyewe hupoteza ukali kidogo kwenye wino, lakini mfuatano hausumbuki.

Halafu kuna macho. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, takriban 8 kati ya 100 hupata shida kutofautisha nyekundu na kijani, na mhakiki wako anaweza kuwa mmoja wao. Picha ya seli nyekundu juu ya kijani kwake ni uji. Majenta na kijani humsaidia.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, weka nakala ya RGB pembeni. GIMP ni ya bure na inaweza kukuonyesha kwenye skrini jinsi wino utakavyotoka, mradi uipe profaili ya rangi ya mchapaji. Mwombe mhariri. Wengine hushangaa kuulizwa.

Kuhusu zile seli zangu, niliomba picha ibadilishwe hatua ya prufu. Nikaondoa kijani kabisa, nikaweka kijivu, na chini yake grafu ya ukali wa mwanga uliopimwa seli kwa seli. Msimamizi wangu alilalamika kwamba haivutii, na kwa kweli haivutii. Juzi niliikuta nakala ya fotokopi kwenye meza ya maabara, imekunjwa pembe, na makundi mawili bado yanatofautiana.