Aliyetoweka na Anayengoja: Watazamaji wa Kiwengwa na Tamthilia ya Waliopotea

Utangulizi

Wahakiki wa michezo ya televisheni wamezoea kuuliza kama kisa kimesukwa vema, kama waigizaji wameimudu kazi yao, na kama mwisho unaridhisha. Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi. Mchezo hutazamwa na watu wenye maisha yao, nao huupima kwa mizani waliyo nayo nyumbani. Katika makala hii twakusudia kuyachunguza maoni ya watazamaji wachache wa Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, juu ya tamthilia ya Kimarekani iitwayo Without a Trace, jina lenye maana ya kutoweka pasipo kuacha dalili. Hoja yetu ni moja. Watazamaji hao waliona upungufu ambao mhakiki wa kawaida angeupita bila kuusemea: tamthilia hii inajua kutafuta, lakini haijui kungoja.

Msomaji asidhani kwamba televisheni ni jambo geni Unguja. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake hadi mwaka 1994. Kwa hiyo wazee wa kisiwa hiki walikuwa watazamaji wazoefu wakati wengi wetu tuliokulia Bara tungali tukisikiliza redio. Maoni yao hayafai kupokewa kama mshangao wa watu wasiozoea picha.

Tamthilia yenyewe

Mchezo huu ulianza kuonyeshwa Marekani mwezi Septemba 2002, ukamalizika Mei 2009 baada ya misimu saba. Wahusika wake wakuu ni kikosi cha FBI, yaani wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, katika jiji la New York, ambacho kazi yake ni kuwatafuta watu waliopotea. Mkuu wa kikosi, Jack Malone, anaigizwa na Anthony LaPaglia. Kwa kawaida kila sehemu huanza kwa kumwonyesha mtu akiwa katika shughuli zake. Kisha umbo lake hufifia, na mahali aliposimama hubaki patupu. Tangu hapo saa huanza kuhesabiwa. Wapelelezi huandika ubaoni mfululizo wa matendo yake ya mwisho, nao huwahoji mke, mwajiri, rafiki na jirani.

Yafaa tuitaje sifa ya mchezo huu kabla ya kuukosoa. Ili kumpata mtu, wapelelezi hulazimika kwanza kumfahamu. Nao hugundua kwamba waliokuwa wakiishi naye nyumba moja hawakumjua: hawakujua deni lake, wala hofu yake, wala mtu aliyekuwa akimpigia simu usiku. Hivyo mchezo unatoa hukumu nzito juu ya jamii ambayo humtazama mtu kwa makini baada tu ya kumkosa. Tena mwishoni mwa baadhi ya sehemu zilionyeshwa picha na majina ya watu halisi waliopotea, ili mtazamaji mwenye habari aitoe. Si michezo mingi inayokubali kuuvunja ukuta kati ya hadithi na maisha kwa namna hiyo.

Maoni ya watazamaji

Sehemu kadhaa tulizitazama Kiwengwa pamoja na kundi dogo: wavuvi, akina mama wanaolima mwani, wazee wawili, na vijana wafanyao kazi katika hoteli za kitalii zilizopangana ufukweni. Mmoja wa vijana hao alitufasiria maneno. Maoni yaliyotolewa yaligawanyika katika mafungu matatu.

Kwanza ni ya vijana wa hotelini, ambao wengi wao walitoka Bara. Hawa hawakuuliza sana yule mtu alikwenda wapi. Waliuliza kama alitaka kutafutwa. Swali hilo lina mizizi katika lugha yetu wenyewe. Mswahili akikutana na rafiki wa siku nyingi humwambia, “Umepotea!” Hamaanishi kwamba rafiki huyo hakujua njia, bali kwamba alikoma kuonekana machoni pa wenziwe. Kijana aliyekaa pwani miaka mitatu bila kupeleka salamu kwao anajua kabisa alipo. Huko kwao ndiko alikopotea. Vijana hawa waliwaonea huruma wale wahusika waliokimbia kwa hiari yao, kwa sababu ya deni, aibu au ndoa iliyowashinda, na waliona kwamba wapelelezi huwarudisha watu bila kuuliza wanawarudisha kwenye nini.

Fungu la pili ni la wavuvi na akina mama. Hawa walisema kwamba kisa ni kifupi mno, na ilitubidi tuwasikilize kwa makini ili tuelewe. Hawakuwa wakilalamikia dakika za mchezo, bali hesabu ya zile saa. Mkoa wao, Kaskazini Unguja, ndio uliopokea maiti na manusura wa MV Spice Islander I, meli iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa njiani kwenda Pemba na abiria wengi kupita kiasi. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2012 ilitaja maiti 203 zilizopatikana, na watu zaidi ya 1,300 ambao hawakupatikana kabisa. Mwanamke anayefikiria watu hao hawezi kuambiwa kwamba saa arobaini na nane ni muda mrefu. Kwake yeye, kisa huanza pale ambapo wapelelezi wangefuta ubao na kwenda nyumbani.

Fungu la tatu ni la wazee. Wao walistaajabu kuona maofisa wa serikali wasiolala kwa ajili ya mtu mmoja asiye na cheo. Hawakukanusha kwamba jambo hilo lawezekana. Walisema tu kwamba mchezo unalichukulia kuwa la kawaida, kana kwamba kila atafutaye amejengewa mlango wa kubisha. Hapa hatuna budi kusema wazi kilichofichika katika ustaarabu wa maneno yao. Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff, waliopata kuwa viongozi wa juu baada ya Mapinduzi ya 1964, walitolewa Bara na kukabidhiwa kwa serikali ya Zanzibar mwaka 1969, wasionekane tena. Karibu nasi zaidi, mwandishi wa habari Azory Gwanda alitoweka Kibiti, mkoani Pwani, tarehe 21 Novemba 2017, na tangu hapo hajarudi kwa jamaa zake. Mtazamaji anayeyakumbuka mambo haya haoni katika kikosi cha Malone hadithi ya upelelezi peke yake. Anaona haki ambayo yeye mwenyewe angependa kuidai.

Tathmini

Huenda mtu akapinga kwamba watazamaji hawa wanaudai mchezo kitu ambacho haukuahidi. Tamthilia ya upelelezi, atasema, ina desturi zake: fumbo hutolewa, fumbo hufumbuliwa, na mtazamaji hulala salama. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, ni mchezo wenyewe uliochagua kutuonyesha mahali patupu pale mtu alipofifia. Picha hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika tamthilia nzima, na waandishi wake huiacha mara tu ubao unapoanza kujaa. Mama au mume aliyebaki huonyeshwa akihojiwa, yaani akiwa na faida kwa upelelezi. Ni mara chache aonyeshwe akipika chakula cha mtu ambaye huenda asirudi, au akikataa kuhama nyumba kwa kuwa aliyepotea haijui nyumba nyingine.

Twaweza kulipima jambo hili kwa mifano mitatu ya Injili ya Luka, sura ya 15, ambayo wanafunzi wetu huihubiri kana kwamba ni mfano mmoja. Kondoo hutafutwa mpaka aonekane. Shilingi hutafutwa kwa taa na ufagio. Lakini mwana hatafutwi. Baba hatumi mtumishi, wala haulizi njiani. Anabaki nyumbani, na bado anamwona mwanawe akiwa angali mbali. Asingemwona mbali kama hakuwa na mazoea ya kuitazama njia. Tamthilia hii ina mchungaji na ina mwanamke mwenye ufagio, tena hodari. Baba yule haimo. Vijana wa hotelini walimkosa kwa namna yao, kwa maana yeye peke yake ndiye aliyemwachia mwana hiari ya kurudi. Akina mama nao walimkosa kwa namna yao, kwa maana yeye peke yake ndiye aliyengoja bila kujua siku wala saa.

Jambo hili si la wahakiki tu. Jirani zetu Waislamu wana sala ya ghaibu, ambayo humsalia maiti asiyekuwapo, na wanazuoni wao wamejadili kwa karne nyingi mke wa mtu aliyepotea angoje muda gani. Wameukubali ukweli kwamba pasipo kaburi pana kazi ya kufanywa. Sisi katika vyuo vyetu twamfundisha mchungaji kuzika. Je, twamfundisha kuingia katika nyumba ambayo haina wa kuzika, na kukaa humo mwaka wa pili na wa tatu, baada ya wapiga picha na wajumbe kuondoka?

Hitimisho

Kwa hiyo hukumu yetu juu ya Without a Trace ni ya pande mbili. Ni kazi nzuri kwa kuwa inaamini kwamba kila mtu astahili kutafutwa, na katika nchi zetu imani hiyo si jambo dogo. Ni kazi pungufu kwa kuwa haina subira na wale ambao utafutaji hauwafikii. Twawashauri walimu na wachungaji waitazame, lakini wasiitazame peke yao. Waitazame pamoja na mtu ambaye bado anangoja, nao wamwache yeye aanze kusema.