Heko kwa Mafundi Mitambo

Kabla bendi haijapanda jukwaani, fundi mitambo hupiga wimbo mmoja na kuanza kutembea ukumbini: mbele, nyuma, pembeni, chini ya roshani. Wimbo huo ameusikia miaka mingi, kwenye spika nzuri na mbovu, hivyo chochote kigeni atakachosikia kimetoka kwenye mitambo au kwenye kuta.

Wengi wa Ulaya na Marekani wameiamini The Nightfly, albamu ya Donald Fagen ya mwaka 1982. Roger Nichols aliirekodi kidijitali wakati teknolojia hiyo ingali changa, na kila ala inasikika mahali pake. Besi ikivimba, fundi hujua ni mitambo au ukumbi.

Mimi nawavulia kofia zaidi wanaojaribia sauti tupu ya binadamu. Wimbo "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, katika toleo lake la kwanza, hauna ala hata moja. Karlheinz Brandenburg wa Ujerumani aliutumia alipokuwa akiunda mfumo wa MP3, na sauti ile ilifichua kasoro ambazo muziki wenye vyombo vingi ungezifunika. Mwanamuziki wa dansi naye anamhitaji fundi wa namna hii, anayeijua rumba yake kiasi cha kulitenga gitaa la solo na la rizimu kwa sikio tu.

Kisha watu huingia. Miili na nguo zao hunyonya sauti nyembamba, mlio wote hubadilika, na fundi, ambaye hakuna atakayempigia makofi, hurudi kwenye mashine ya kuchanganya sauti kurekebisha upya.