Jembe kama Ala: Tathmini ya Bugobogobo

Bugobogobo ni ngoma ya kazi ya Wasukuma. Asili yake ni shambani: wakulima hujipanga mstari, huimba kwa kupokezana, na kuinua majembe kwa kufuata mapigo ya ngoma. Kwa maoni yetu, katika fani hii jembe nalo ni ala. Linapotua ardhini hutoa mshindo, nao mshindo huo ni sehemu ya muziki sawa na ngoma na sauti ya mwimbaji.

Mwaka 1948 Pierre Schaeffer wa Ufaransa alitunga muziki kwa sauti za gari-moshi alizozirekodi, na kazi hiyo ikahesabiwa kuwa mwanzo wa jambo jipya. Wakulima wa Usukuma walikuwa wamekwisha kuifanya sauti ya kazi kuwa muziki.

Kasoro tunaiona jukwaani. Juu ya sakafu ya saruji jembe hurushwa na kuzungushwa kwa ustadi mkubwa, lakini aghalabu halitui. Macho hushiba, masikio hukosa mwitikiaji mmoja. Aidha, plau la kukokotwa na ng'ombe limechukua sehemu kubwa ya kazi ya jembe, hivyo kijana wa Bariadi aweza kuicheza bugobogobo asiujue mshindo huo kamwe.

Hatuna budi kuwakumbusha walimu wa Mkoa wa Simiyu kwamba dawa i karibu: shamba la shule. Ngoma hii ifundishwe huko kwanza, udongo ukiitikia, ndipo ipandishwe jukwaani.